Chai ya Mtathmini

Nilimwahidi bibi mmoja Mkongomani wa Brooklyn Park, jimboni Minnesota, Marekani, kwamba maneno yake ningeyafikisha kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, nimetoka chuoni karibuni, na ahadi hiyo niliiona kuwa ndiyo heshima yenyewe.

Bibi aliishi na binti yake, mfanyakazi wa ghala katika mji wa Shakopee. Viungo vya bibi vilikuwa vimekaza, hata hakuweza kuoga peke yake. Upo mpango wa kumlipa msaidizi wa nyumbani: serikali kuu na jimbo huchangia fedha, kaunti humtuma mtathmini, na saa za msaada hupangwa kutokana na majibu anayoyapata. Bila saa hizo, binti angelazimika kuacha kazi.

Mtathmini alipofika, bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mezani palikuwa na chai na maandazi. Binti ndiye aliyeyapika, kwa amri ya mama yake.

“Unaoga mwenyewe?” mtathmini aliuliza.

“Nafanya yote mwenyewe, mama,” bibi alimjibu. “Kula kwanza, chai inapoa.”

Nikatafsiri neno kwa neno.

“Mama, kweli?” binti akaruka. “Juzi kifungo tu kilikushinda!”

“Wewe nyamaza. Mgeni ndiyo kwanza anaingia, unataka nimpokee na magonjwa?”

Hayo nayo nikayatafsiri. Mtathmini akatabasamu, akaendelea kuandika kwamba bibi anajiweza.

Niliomba ruhusa, kwanza kwa bibi, kisha kwa mtathmini, niseme jambo langu mwenyewe; waliponikubalia, nikaeleza kwamba kwetu mgeni haanzi kuelezwa udhaifu wa mwenyeji, na kwamba bibi alikuwa bado anakaribisha, kujibu alikuwa hajaanza. Mtathmini akaweka kalamu chini. Akanywa chai, akala andazi hadi likaisha. Ndipo akauliza, “Jana nani alikuogesha?”

Bibi akanigeukia.

“Jana sikuoga, papa,” alisema, akiniita kwa heshima ya Kikongomani. “Mtoto alikuwa kazini.”

Niliyafikisha kama yalivyo.

Saa zilitolewa, pungufu ya tulizotarajia, lakini binti hakuacha kazi.

Nawe msomaji, mtathmini akija kwa mzazi wako, mwandalie chai kama kawaida. Ila kabla hajagonga mlango, keti na mzazi wako, umwombe amweleze mgeni siku yake ngumu.