Besi Iliyokaa Kiti cha Mbele

Mume wangu, Tauno Perkkiö, alipiga besi katika bendi ya dansi kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa mingi ya miaka hiyo mimi nilisafiri kiti cha nyuma. Besi ya kusimama, ile ala kubwa ya mbao yenye nyuzi nne, ni ndefu kuliko mtu mzima. Katika kigari chetu iliingia kwa njia moja tu: tumbo nyuma, shingo mbele, juu ya kiti kilichokunjwa, kichwa chake chenye vigingi karibu na bega la dereva. Mimi nilijibanza kwenye nafasi iliyobaki, mkoba wangu magotini. Jumamosi za kiangazi Tauno alinishusha kwa mama yangu, kisha yeye na besi yake wakaendelea hadi ukumbi wa dansi wa Koskenranta, kule mtoni.

"Kaka," wifi yangu Saimi alipiga kelele siku moja akiwa njia panda, watu wa dukani wakisikia, "mke mkubwa ndiye uliyemweka mbele?"

Tauno alicheka. Mimi niliangalia dirishani.

Nasema wazi, kwa kuwa hapa kwetu mambo husemwa chinichini mpaka yakaota mizizi: niliona wivu. Nilikuwa mwalimu wa lugha na historia katika shule ya sekondari, binti wa mchungaji Ilmari Hedman aliyeongoza usharika huu miaka ishirini na saba, na niliionea wivu mbao. Wakati wa baridi, tanuri likiwaka mfululizo na hewa ya nyumba ikikauka, Tauno aliweka bakuli la maji chini ya besi ili isipasuke. Kila asubuhi alijaza bakuli hilo kabla hajapika kahawa. Midomo yangu ilipasuka kwa ukavu ule ule, na sikumbuki nani aliniwekea bakuli. Aliifuta besi kwa leso nilizozipiga pasi mimi. Wakati wa kukaza nyuzi zake zipate sauti sahihi aliinamisha sikio juu yake na kusubiri, na uso aliokuwa nao wakati huo sikuwahi kuuona nilipokuwa nikizungumza.

Halafu kulikuwa na Seija.

Seija Lehtomaa alikuwa karani wa posta mchana na mwimbaji wa bendi Jumamosi. Alijiunga nao mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini na minne na sauti nzito kuliko mwili wake. Hakuwahi kuolewa. Nilinunua stempu kwake kila wiki, na kila wiki alisema, "Msalimie Tauno," nami nikasema, "Nitamsalimia," na sikumsalimia.

Wanaosema kwamba mume wangu na Seija walikuwa na jambo, wanasema uongo. Nimeamua kuandika maisha ya Tauno kwa sababu yao, na nitaandika lile nililolijua mwenyewe kuhusu siku ambayo uongo huo ulipata nguvu, Februari 1989, alipotimiza miaka sitini.

Kwetu, mtu akifika sitini, gazeti la wilaya humtumia mwandishi, na siku yenyewe mlango wa nyumba huwa wazi tangu adhuhuri. Anayekuja hupewa kahawa na aina saba za vitafunwa, haulizwi kwa nini amekuja. Gazeti lilimtuma Heimo, mtu makini aliyekuwa akiandika habari za ng'ombe na mazishi. Alimkuta Tauno mazoezini, kwenye jengo la zimamoto, mimi nikiwa shuleni. Mahojiano yakatoka Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, ukurasa mzima, na picha ya mume wangu ameikumbatia besi.

Niliyasoma katika chumba cha walimu. Wenzangu walikuwa wameshayasoma. Nilijua kwa jinsi walivyonyamaza.

Lazima nikiri kwamba yalikuwa mazuri. Tauno hakuwa mtu wa maneno, lakini Heimo alimpata vizuri. Kuhusu muziki alisema anapenda dansi ya tango kuliko ile ya haraka ya humppa, kwa sababu humppa humkimbiza mtu, tango humruhusu kuhuzunika kwa heshima zake. Kuhusu ala alisema kwamba mwaka sabini naye alinunua gitaa la besi la umeme kama kila mtu, akaliuza baada ya kiangazi kimoja. "La umeme unalisikia masikioni. Hii ya mbao unaisikia magotini." Alisema hakuwahi kuzizoea nyuzi za chuma; aliendelea na zile za utumbo wa kondoo mpaka muuzaji wake wa mjini Vaasa akafa. Kuhusu maisha alisema: "Mpiga besi hasikiki mpaka aache kupiga. Hapo wachezaji wanajikwaa na kuulizana kuna nini. Mimi nimeridhika na hivyo. Nilifanya kazi kiwanda cha maziwa miaka thelathini, na huko pia hakuna aliyewahi kulipigia maziwa makofi."

Kisha Heimo alimwuliza ni nani anayemwelewa. Tauno akajibu: "Seija. Akisimama mbele yangu, najua kidole kinakwenda wapi kabla hajavuta pumzi."

Nilirudia kuyasoma mara tatu kama ninavyosahihisha insha, nikitafuta neno moja, *mke*. Besi ilitajwa mara tisa. Seija mara mbili. Ng'ombe wa mama yake Tauno, ambaye aliuzwa ili besi ya kwanza inunuliwe, alitajwa kwa jina. Mimi, niliyekaa naye miaka thelathini na minne, sikuwamo.

"Umesoma?" aliniuliza jioni.

"Nimesoma."

"Heimo kaandika vizuri."

"Hana makosa ya herufi," nilisema, nikaendelea kukanda unga.

Alisimama pale jikoni kama mtu anayesubiri zamu yake. Sikumpa. Nilikuwa na aina saba za kuoka, na watu wangekuja kuangalia uso wangu kuliko keki yangu. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Jumamosi ningesimama katika nyumba yangu, mbele ya usharika wa baba yangu, nikiwamiminia kahawa watu waliosoma kwenye gazeti kwamba mume wangu anaeleweka na mwanamke mwingine.

Walikuja sabini na watatu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka nje kwenye ngazi, makoti yakawa mlima juu ya kitanda chetu. Nilivaa gauni la kijivu na kibanio cha fedha cha mama, nikamimina kahawa bila kumwaga tone.

Wifi Saimi alingoja mpaka meza ilipojaa wanawake.

"Wifi, nimesoma gazeti. Sasa nimejua kaka yangu ana wake wangapi."

"Kunywa kahawa, wifi."

"Nakunywa. Ila mmoja wa mbao, mmoja wa posta. Wewe ni wa ngapi?"

"Mimi ni yule aliyeoka hiyo keki unayoila kwa mara ya tatu."

Wanawake walicheka ndani ya vikombe vyao. Saimi naye alicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa utani na hakuwa na nia mbaya. Lakini nilimwona mke wa mwenyekiti wa baraza la usharika akimtazama Seija, aliyekuwa miongoni mwa wageni, kisha akinitazama mimi, kama anayepima kitambaa.

Baadaye bendi ikapiga sebuleni. Voitto, mwenzao wa bendi, na kodiani yake kwenye kochi, Tauno amesimama na besi kando ya rafu ya vitabu vya baba yangu, Seija mbele yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wakipiga pamoja. Ukumbi wa dansi sikuwahi kuukanyaga. Nilisimama mlangoni na birika mkononi. Kweli, Tauno alijua kabla Seija hajavuta pumzi. Hakumtazama usoni, alitazama mabega yake kwa nyuma, na mabega yalipopanda kidogo tu, kidole kilikuwa kimeshafika. Niliwaza kwamba mimi huvuta pumzi katika nyumba hii mchana na usiku, na sijui kama kuna kidole kilichowahi kusogea kwa ajili hiyo. Nikarudi jikoni.

Wimbo ulipokwisha, Seija alinifuata.

"Mwalimu, nipe taulo nifute."

"Vikombe vya mama yangu huoshwa na mtu mmoja."

"Basi nitasimama nikuangalie." Akaegemea kabati. "Umelikasirikia gazeti."

"Mimi sikasirikii magazeti."

"Mimi ningekasirika. Ingekuwa mimi, besi ile ingekuwa kuni tangu Alhamisi."

Nilikaribia kucheka, na hilo likanikera zaidi.

"Heimo alimwuliza habari zako," akasema. "Nilikuwepo. Tauno akamwambia, la mke wangu usiandike. Heimo akauliza, hata jina? Akasema, hata jina, nilimpa neno langu."

"Neno gani?"

"Hilo ndilo mimi nimekuja kukuuliza. Miaka ishirini na sita nakaa naye kwenye gari la bendi tukienda kumbi za mbali, ni Aune, Aune. Aune kasema hivi, Aune anasoma kitabu cha kurasa mia saba, Aune haipendi tango ile kwa sababu maneno yake hayana mantiki. Nina habari zako mpaka namba ya viatu, bibie. Lakini tukishuka garini, basi. Kimya. Mwaka ule ndoa yenu ilipotimiza miaka ishirini na mitano mimi nilitaka kuwatangazia watu pale jukwaani, tuwapigie valsi. Alinifunikia maikrofoni kwa kiganja. Mbele ya watu wote. Ndipo walipoanza kusema kwamba tumegombana kama wapenzi."

Maji ya bomba yalikuwa yakitiririka. Niliyafunga.

Nilikuwa nimesahau. Naandika kwa aibu, lakini naandika: nilikuwa nimesahau kabisa. Kiangazi cha mwaka 1954, katika chumba cha kazi cha baba yangu, Tauno alisimama na kofia mkononi, mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa anayepiga dansi Jumamosi, amekuja kuniposa. Baba alitoka nje kutuachia dakika kumi. Nami kwa dakika hizo kumi nilimwambia kijana huyo kwamba nitamkubali kwa sharti moja: jina langu na jina la baba yangu yasitamkwe mahali penye dansi, wala yasiandikwe popote pamoja na habari za dansi. Nilimtaka aahidi. Aliahidi. Tukamwita baba, tukanywa kahawa.

Mimi nilisema maneno hayo mara moja, nikaendelea na maisha. Yeye aliyabeba miaka thelathini na minne.

Ingefaa nishukuru pale pale. Sikushukuru. Wivu uliokuwa ukielekea kutoka uligeuka ukaingia kwa mlango mwingine. Nyumbani Tauno alikula, akasifu chakula, akajaza bakuli la besi, akalala. Kumbe maneno yake juu yangu alikuwa akiyamaliza barabarani, na aliyeyasikia yote ni huyu aliyeegemea kabati langu. Hata habari ya ndoa yangu mwenyewe nilikuwa naipata kwake.

"Namba ngapi?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Viatu."

"Thelathini na tisa," akasema Seija. "Lakini dukani unasema thelathini na nane."

Nikampa taulo. Alifuta vikombe kumi na viwili vya mama yangu bila kuvunja hata kimoja, nami nilivihesabu mbele yake.

Siku ya pili, tulipotoka kanisani, Tauno alikaa mezani kuandika tangazo la shukrani. Hilo nalo ni lazima. Aliyetembelewa huwashukuru wageni gazetini. Alikuwa ameandika: *Nawashukuru wote mlionikumbuka siku yangu. Tauno Perkkiö.* Nilichukua karatasi, nikachukua kalamu mkononi mwake.

"Kuna kosa?" akauliza.

"Kuna upungufu."

Nikaandika upya, kwa mwandiko wa darasani: *Mimi na mke wangu Aune, binti wa marehemu mchungaji Ilmari Hedman, tunawashukuru wote waliofika nyumbani kwetu, na hasa wanamuziki wenzangu wa ukumbi wa dansi wa Koskenranta.*

Alisoma. Alikuwa msomaji wa polepole, na mara hii alikuwa wa polepole zaidi. Kidole chake kizito, chenye ngozi ngumu ya nyuzi, kilifuata mstari hadi jina la baba yangu, kikasimama, kikaenda hadi neno *dansi*, kikarudi.

"Yamekaa sentensi moja," akasema.

"Nimeona."

"Nilikupa neno langu, Aune."

"Nami nakurudishia. Ningelirudisha zamani kama ungenikumbusha."

"Ulikuwa umekasirika sana siku ile unaliomba," akasema. "Nilidhani unalihitaji."

Nilikaa upande wa pili wa meza, nikamwambia kwamba kuanzia leo, analosema kuhusu mimi kwenye gari la bendi, aliseme kwanza hapa, mezani, nilisikie mimi kabla ya watu wa posta. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaanza kunakili tangazo taratibu, ulimi kwenye pembe ya mdomo kama mwanafunzi. Alipofika kwa wanamuziki, kalamu ikasimama.

"Nimtaje Seija kwa jina?" akauliza. "Aliosha vikombe."

"Alifuta," nikasema. "Wanamuziki wenzako wanatosha."