Jogoo wa Ukutani

Jumatatu nilifika bomani hapa Dodoma kwa shauri langu, nikakuta foleni nzima imeupa mlango kisogo. Watu walikuwa wanatazama ukuta. Kuna mtu alikuwa amechora kwa mkaa bwana mwenye tumbo kubwa, kofia ya shada kichwani na jogoo kwapani.

Akida, msikilizaji wa mashauri yetu, akatoka, naye amevaa kofia ya shada. Akautazama mchoro, akavuta pumzi kupunguza tumbo.

"Nani huyu?"

Sote tukainama kukagua vidole vya miguu yetu. Kumtaja mwenye sura ile ni kuomba viboko.

Bibi mmoja aliyetoka Ihumwa kwa miguu akausogelea ukuta. Wiki iliyopita alikuwa ameambiwa kwamba shauri la shamba lake halisikilizwi akija mikono mitupu.

"Mtu simjui, bwana akida," akasema taratibu. "Ila jogoo ni wangu. Tazama mkia, umebaki unyoya mmoja. Mengine aliyanyofoa mbwa."

Akida akaukagua mkia wa mkaa. Angesema jogoo si huyo, tungemuuliza amemjuaje. Akarudi ndani.

Punde askari akaja na jogoo, unyoya mmoja ukipepea, akampa bibi. Shauri lake likasikilizwa la kwanza.

Nikadhani foleni sasa itacheka. Wapi. Mzee mmoja mfugaji, nyuma yangu, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, fundi huyu na ng'ombe anaweza kuchora?"