Nilipoitwa Mtani

Baba yangu alifariki Maramba mwaka jana. Habari nilizipata kama mtu mwingine yeyote, kwa simu, kutoka kwa binamu yake mama aliyedhani nimeshajua. Sikuwahi kumwona baba. Mama alimwacha huko kwenye kambi ya zamani ya mkonge mimba yangu ikiwa changa, baada ya kugundua kwamba bwana yule ana mke, akarudi kwao Pangani kunizaa. Sasa nina miaka arobaini na kitu, na mpaka leo mtu akiniuliza baba yangu ni nani natazama pembeni.

Mama ndiye aliyenisukuma niende. Yeye mwenyewe hakutaka kufika, ila alinitengenezea mtandio kama mtoto anayekwenda shule, akaniambia, "Ukifika usikae mlangoni. Tafuta mtu mzima, umwambie u mtoto wa nani. Hutaki kitu chao, unataka kumzika baba yako. Basi."

Rahisi kusema kwa anayebaki nyumbani. Mimi njia nzima, mpaka nabadili gari Tanga, nilikuwa naipanga hiyo sentensi moja na kuipangua. Nilijua wanavyosemwa watoto wa nje wanaochomoza msibani: amefuata mirathi huyo. Marehemu aliacha shamba la mihogo na nyumba ya bati, si vitu vya kumtajirisha mtu, lakini midomo ya watu haihitaji mali nyingi ili ipate la kusema.

Nilipofika nikapita uani kwa wanawake. "Poleni na msiba." "Tumeshapoa." Nikasogezewa nafasi kwenye mkeka wa wafiwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu wetu hawatulii na mtu wasiyejua wamweke wapi. Si ubaya. Wanaanza na salamu, wanaingia safari, halafu wanakusogelea taratibu mpaka wakupate.

"Umetokea wapi, mwenzetu?" aliuliza mama mmoja mnene aliyekuwa anachambua mchele.

"Pangani."

"Pangani kwa nani?"

Nikataja mtaa, mtu sikumtaja. Akaona nimekwepa, akanijia kwa njia nyingine. "Na kabila gani wewe?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa ile sentensi yangu. Kwa upande wa baba mimi ni Mnyamwezi kama marehemu, ambaye wazazi wake waliletwa huku kukata mkonge. Ningesema Mnyamwezi, angeniuliza wa nani, nami ningejibu, yakaisha. Nikashika upande wa mama, nikasema, "Mzigua."

Akauweka ungo chini. "Kumbe mtani huyu. Sasa mbona umejikunyata kama mfiwa?"

Wanawake wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia raha. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akishajulikana ni mtani, haulizwi zaidi. Ana mahali pake msibani, ana ruhusa ya kukejeli, kudai vitu, na kumwigiza marehemu mpaka watu wasahau kulia. Yule mama naye alikuwa Mzigua, wa Handeni. Akanishika mkono, akaniinua kutoka kwa wafiwa, akanipeleka kwa wenzake.

Wakanivika koti la marehemu. Lilinuka ugoro. Nikawaambia simjui, nitamwigizaje, wakasema hilo dogo, tutakufundisha. Wakanifundisha. Alitembea bega la kushoto liko chini. Alikohoa kabla ya kukataa jambo lolote, hata chai. Akiingia dukani aliiamkia mizani kwanza, "Shikamoo mzee, leo utasema kweli?", ndipo amtazame mwenye duka. Nilikuwa nameza kila neno. Maisha yangu yote sikuthubutu kumuuliza mama baba alitembeaje, na sasa watu nisiowajua walikuwa wananimwagia yote, kwa kuwa walidhani nataka kuchekesha.

Nikashusha bega, nikavuka uani, nikakohoa, nikaliamkia pipa la maji. Wakaanguka kwa vicheko. Nami nikarudia, nikaongeza na madoido yangu. Nilifurahi. Nikikumbuka jinsi nilivyofurahi natamani kujifunika shuka.

Binti wa marehemu, wa rika langu au mdogo kidogo, alitoka ndani kuona kuna nini. Alicheka, halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Tembea tena," akasema. Nikatembea. Akanifuata mpaka nyuma ya jiko, tukawa wawili tu, akanitazama usoni.

"Dada, wewe ulimjua baba?"

Asingeweza kunirahisishia zaidi ya pale. Nikamjibu, "Sisi watani tunawajua nyote, pamoja na wizi wenu." Akatabasamu kwa adabu, akarudi ndani.

Alasiri katekista alisoma wasifu. Marehemu ameacha mke na watoto wanne. Wakaitwa mbele kumuaga. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa chini mlangoni na watani wenzangu, tumelizuia jeneza lisitoke mpaka tupewe haki yetu. Ndiyo desturi: mtani anazuia, mfiwa anatoa, njia inafunguliwa na hakuna tena anayemdai mwenzake. Nilikuwa na koti la baba mgongoni, nimemzibia baba njia.

Yule binti ndiye aliyeleta kuku, tetea mwekundu aliyefungwa miguu. Wenzangu wakasema apewe mgeni wa Pangani, ametoka mbali na amechekesha kuliko wote. Akaniwekea mikononi. "Haya, mtani. Tumemalizana." Nikainuka, nikawapisha. Koti nikalivua na kulirudisha, na makaburini nikakaa nyuma kabisa.

Kesho yake nilipofika nyumbani mama alikuwa barazani ananisubiri. Ndani ya gari nilishatunga la kumwambia: walinipokea vizuri, nikakaa na ndugu zangu, nikatupa udongo. Nilikuwa nimejipanga kweli kweli. Sikufikiria jambo moja, kwamba mama ni Mzigua na amezika Wanyamwezi wengi kuliko mimi. Kuku aliyefungwa miguu akitoka msibani kwao, anajua hupewa nani. Mfiwa hapewi kuku.

Alimtazama kuku, akanitazama mimi. Kabla sijaianza hadithi yangu akaniwahi.

"Nani alikupa?"

"Binti yake."

Akavuta kanga mabegani. "Nawe ukampokea?"

Nikamwambia nilimpokea.