Kufa Njaa kwa Kiingereza Sanifu

Mwalimu Zorobabel amefundisha Kiingereza hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hajamsamehe mtu kosa hata moja. Kwenye mitumba hanunui fulana mpaka asome maandishi ya kifuani, na akikuta neno dogo limekaa pabaya, anairudisha kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu aliyeshika panya. Simchukii. Ni jirani yangu, na kanisani tunaketi benchi moja. Lakini siku ile ya mgeni nilitamani kumfunga mdomo kwa kitambaa cha meza.

Mgeni alikuwa kijana Mzungu wa shirika la msaada, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Alitupa saa moja tu, kwa kuwa gari lake lilipaswa kufika Beni kabla ya jua kuzama. Mama Tamar, aliyekimbia vita kule Eringeti, alisimama kwa niaba ya wanawake wakimbizi arobaini. Kanisa lilikuwa limewapa shamba. Mbegu za maharagwe hawakuwa nazo, na mvua ilikuwa karibu.

"Mwalimu, mumuambie huyu muzungu: tutakufa na njala..."

Zorobabel akamkatiza, akajikohoza, akatafsiri: "They will die of hunger."

"Mais non, collègue!" Aliyepinga hivyo kwa Kifaransa ni Tshibangu, mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka Kasai, mtu wa tai hata siku ya kufua. "Ni *from*! Njala inatoka inje!"

"Ni *of*! Njala iko ndani ya tumbo!"

"Ya ndani ao ya inje, ni njala ileile," alisema Tamar. "Sasa muambie mambo ya mbegu."

Nani alimsikia? Mmoja alitoa kamusi kwenye mfuko wa koti, mwingine akaapa kwa jina la profesa wake wa chuo huko Kananga. Wazee wa kanisa, wasiojua hata kusalimia kwa Kiingereza, wakagawanyika kambi mbili. Mgeni aligeuza shingo huku na huku, akiandika, akitabasamu. Dereva akapiga honi. Neno mbegu halikutamkwa kwa lugha ya mgeni hata mara moja. Nilikasirika.

Wiki tano baadaye lori lilikuja. Wanawake walikimbia na mabeseni, wakiimba. Makasha yakafunguliwa: vitabu mia mbili vya sarufi ya Kiingereza, pamoja na barua ya mgeni. Aliandika kwamba hajawahi kuona watu wenye kiu ya elimu kiasi kile.

Zorobabel alilia kwa furaha. Tshibangu alimkumbatia.

Tamar aliokota kitabu kimoja, akakipima mkononi, akamfuata Zorobabel.

"Mwalimu, hii tunapanda namna gani? Kitabu kimoja mu shimo, ao mbili?"

Mvua ilikuwa imeanza wiki mbili kabla.