Kifua cha Masinde na Rundo la Skuta

Keziah alikuja Nyeri kwa sababu ya mume, akabaki kwa sababu ya ufagio. Mumewe, Masinde, alikuwa polisi. Serikali ilimtoa kwao Bungoma, ikamzungusha huku na huko, mwishowe ikamtupa kwenye baridi ya Mlima Kenya: Naro Moru kwanza, kisha Nyeri mjini. Kifua kilipomlazimisha kustaafu mapema, mwenye kazi akabaki Keziah. Alikuwa mfagiaji wa kanjo, yaani baraza la mji, na kazi hiyo ilimpa koti la khaki, mkokoteni na nyumba ndogo pale mtaani Skuta. Hakuona haya hata chembe. Aliyemcheka aliulizwa kama kwao takataka hujiendea zenyewe jaani, na kicheko kiliishia hapo.

Kilichomnyima raha ni hilo jaa lenyewe. Lilikuwa bondeni, chini kidogo ya nyumba, na kila kitu cha mtaa kiliishia huko: maganda ya viazi, mabua ya mahindi, makopo, matambara, viatu vilivyokata tamaa. Lori lilipokwama kwenye matope, na masika lilikwama kila mara, mtu alilitia jaa kiberiti. Nani? Hakuna aliyejua, na kila mmoja alikuwa amefanya. Jaa lilifuka wiki nzima bila kuwaka vizuri, moshi ukapanda moja kwa moja hadi dirishani kwa Masinde. Hapo alikohoa mpaka akaketi kitandani, mikono magotini, macho yamemtoka. Daktari hakuwaficha: ama moshi uondoke, ama mgonjwa aondoke.

Wakaamua mgonjwa aondoke. Angekwenda kwa kaka yake Bungoma, naye Keziah abaki, maana karo ya mtoto wao Seth ilitoka kwenye ufagio. Ndoa iliyostahimili kila uhamisho wa serikali sasa ilikuwa inatenganishwa na maganda ya viazi! Masinde alilifunga sanduku lake la bati kwa kamba ya katani, akaliweka nyuma ya mlango. Ataondoka mwisho wa mwezi huu. Basi, mwisho wa mwezi ujao. Kila Keziah alipolipita sanduku lile aligeuza uso, na moyo ukamuuma vilevile.

Ndipo baraza la mji likaja na mpango mpya. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa sabini na saba. Kila mtaa ungeshughulikia taka zake wenyewe. Chochote kinachooza kingerundikwa papo hapo mtaani, majani makavu chini, maganda juu yake, kisha samadi na udongo kidogo, na rundo ligeuzwegeuzwe mpaka liwe mbolea. Makopo na vioo tu ndivyo vingepanda lori. Mpango ukifaulu, jaa la bondeni lingefungwa. Afisa wa afya, Nehemiah, Mkamba mmoja mpole asiyepandisha sauti hata akiumwa na mbwa, aliuliza ni nani atakayesimamia jaribio la Skuta. Hakuwa amemaliza kuuliza, Keziah alikuwa amekwisha kuinua mkono.

Wenyeji hawakufurahi. Katika mkutano uliofanyika uwanja wa shule alisimama Wachuka, mama aliyezaliwa Kianyaga, muuza mboga sokoni. Nyumba yake ndiyo iliyopakana na kiwanja kilichochaguliwa.

"Ati mnatoa moshi huko chini mnaniletea kwa mlango? Mimi niko na watoto. Na niko na pua!"

"Hakuna moshi itatoka, Mama Wacera," Keziah alimjibu Wachuka.

"Na ikitoka?"

"Ikitoka hata kidogo, nitafukia hiyo kitu na mikono yangu. Mbele yako."

Watu wakapiga makofi. Masinde aliposimuliwa alitikisa kichwa. "Mama Seth, kumbe umenifunga kwa rundo ya maganda!"

Keziah aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Adui yake mkubwa alikuwa majivu. Wanawake wa Skuta walizoea kukung'uta jiko asubuhi na kumwaga kila kitu pamoja, makaa mengine yangali mekundu, na kaa moja tu lingetosha kuchoma jaribio zima. Kwa hiyo alisimama pale kama mlinzi wa benki, akichungulia kila debe na kila karai, mpaka wakambandika jina la Askari Majivu. Mvua ya masika ikanyesha, rundo likapanda, likashuka, likapanda tena. Harufu haikuwa mbaya. Moshi wa bondeni ukapungua na Masinde akaanza kulala. Hata hivyo sanduku lilibaki nyuma ya mlango, kwa sababu jaribio bado lilikuwa jaribio.

Mwezi wa Julai ukaingia na baridi yake, ile ya ukungu unaogoma kuondoka mpaka saa sita mchana. Nehemiah alipita akamwambia rundo ligeuzwe, akamkumbusha kwamba ndani litapata joto. Keziah aliitikia. Alidhani ni joto la blanketi, si la sufuria. Akaligeuza kutwa nzima, akarudi nyumbani mgongo umekatika.

Asubuhi iliyofuata alishtuliwa na sauti ya Wachuka.

"Mama Seth! Kuja uone! Kitu yako imeshika moto!"

Keziah alitoka mbio bila viatu. Kweli, juu ya rundo palikuwa na kitu cheupe kikifuka, kinene, kikipanda kwenye ukungu. Kaa! Kaa moja limempita jana alipokuwa ameinamia beleshi!

"Nani alimwaga jiko hapa?"

"Usiniangalie mimi," Wachuka alisema. "Wewe ndiye ulisema. Sasa fukia."

Hakubishana. Ahadi ni yake na mdomo ulioitoa ni wake. Akashika beleshi akaanza kurusha udongo, machozi yakimtoka waziwazi mbele ya majirani. Aliliona sanduku la bati limepandishwa juu ya basi. Aliiona nyumba ikiwa na sahani moja mezani. Kila beleshi la udongo lilikuwa likimzika mwenyewe.

Mara akamwona Masinde akija, amejifunika koti lake la zamani la polisi.

"Baba Seth, rudi! Rudi ndani ufunge dirisha!"

Polisi mstaafu hapendi kuamrishwa. Masinde alipita katikati ya watu, akasimama palipofuka zaidi, akavuta pumzi. Kila mtu alingoja kikohozi. Wachuka mwenyewe aliziba mdomo. Masinde akavuta pumzi ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, kisha akatoa mikono mfukoni na kuanza kuipasha joto.

"Hii si moshi," alisema. "Kifua yangu inajua moshi kuliko nyinyi wote. Hii ni kama umefunua sufuria ya githeri."

Wachuka akaokota ufito, akauchomeka ndani ya rundo, akauchomoa na kuushika. Ulikuwa na joto, tena umelowa. Akaukodolea macho, kisha akaangua kicheko.

"Ngai! Hata ile mbolea ya ng'ombe ya baba ilikuwa inafanya hivi na baridi! Kila asubuhi, huko kwetu Kianyaga! Nimesahau aje?"

Maisha ya mjini yalikuwa yamemsahaulisha. Keziah aliketi palepale kwenye udongo, akacheka na kulia kwa pamoja, mzigo wa miezi yote ile ukimshuka mabegani. Majirani nao wakasogea, mmoja mmoja, wakaota mvuke. Nehemiah alipofika akawakuta wamelizunguka rundo kama jiko. Akatazama udongo mpya juu yake, akamsifu Keziah kwa tabaka zuri. Hakuna aliyemweleza lilivyowekwa.

Jaa la bondeni lilifungwa kabla ya mvua za vuli, na wa kwanza kuomba mbolea ya sukuma wiki alikuwa Wachuka, bila haya yoyote. Lakini Keziah hakungoja hayo. Siku ileile alirudi nyumbani, akalivuta sanduku kutoka nyuma ya mlango, akafungua kamba ya katani na kuitoa nje. Akaifunga kutoka dirishani hadi kwenye nguzo, akaanza kuanika nguo.

"Sasa sanduku yangu nitafunga na nini?" Masinde aliuliza.

"Ya kwenda wapi?" Keziah akasema, akalianika shati lake.