Mtaa Niliouapisha

Nikiambiwa ni kadari, damu hunichemka. Kadari haikwenda Shela kununua unga. Nilikwenda mimi, kwa miguu yangu, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga.

Mama ana kisukari miaka mingi. Alikuwa mshonaji wa kofia, zile za vitundu vidogo ambavyo mimi hata kuvihesabu siwezi, na alikuwa mwizi wa halwa. Niliwahi kuikuta hadi ndani ya foronya.

Huko Shela palikuwa na semina ya afya kwenye nyumba ya wageni. Mwanamke mmoja wa marashi makali akatueleza kwamba sukari huutia mwili kutu, kama misumari ya mashua, na dawa ya kutu ni antioksidanti. Nikatoka na makopo mawili ya unga wa zambarau, najiona msomi. Mjinga mimi!

Nikageuka askari. Sukari yote nikaitoa nyumbani, na tende nazo. Kisha nikapita mlango kwa mlango mtaani kwetu Amu, nikiwaapisha majirani: mama asipewe kitu kitamu, hata akililia. Wakaitikia wote, maana tunaishi kama ndugu. Vidonge vyake vya hospitali aliendelea kuvimeza. Nilichobadilisha ni chakula: asubuhi, badala ya mkate, glasi ya unga.

Siku ya nne nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi kwenye baraza letu, jasho linamtiririka, maneno hayashikani. Nikadhani sukari imepanda. Nikamkorogea glasi nyingine. Mkono ulioikoroga natamani kuung'ata hadi leo. Hakuimaliza, alianguka, akaanza kutupa miguu.

Hospitalini daktari alimpima tone la damu, akamtia maji ya sukari mshipani, kisha akanigeukia. Sukari ilikuwa imeshuka mno: vidonge vinaishusha na tumbo halina kitu. Ubongo huishi kwa sukari, akasema; ukiikosa seli zake huumia, na ile kutu niliyoiogopa huzidi hapo hapo. Nikamtajia antioksidanti. Akajibu kwamba wataalamu bado wanazichunguza, lakini mtu aliyeishiwa sukari hupewa sukari. Vijiko vichache vingetosha, alipokuwa bado anaweza kumeza.

Niliporudi nyumbani kuchukua shuka, jirani wa mlango wa pili alikuwa analia.

"Mekuya kwangu, mikono yamtetema, ataka sukari kidogo. Nikamwambia, enda kwenu, Bi, mwanao metukanya. Akenda na nyumba ya pili, na ya tatu."

Nilitaka kumpigia kelele. Lakini ningemwambia nini? Alitii.

Makopo niliyatupa baharini, na yule wa semina nikimwona leo sijui nitamfanya nini. Majirani niliwapitia tena, mlango kwa mlango, safari hii kichwa chini. Mama alirudi nyumbani, ila kofia haziwezi tena; hushona, hupotea, hufumua. Asubuhi ile haikumbuki kabisa. Jioni hukaa barazani na chai yake, akiwaitikia wapitao, kisha hunigeukia na kuniambia neno lile lile.

"Watu wa mtaa hunu ni wema, mwanangu. Hawayapata kuninyima kitu."