Moto Aliouona Saa Nane

Watu walimwita Bwana Doti kwa sababu ya kazi yake. Kutwa alikaa ofisi ya misitu mbele ya kompyuta, akisoma picha za setilaiti. Majani mabichi yalionekana kijani, yaliyokauka hudhurungi, na penye joto kali ilitokea doti nyekundu. Akiiona tu, anawapigia simu askari wa msitu, wanakwenda kuzima.

Mdogo wake alichoma matofali kando ya msitu. Kila akiwasha tanuri, doti. Askari walimwendea mbio mara tatu, wakamkuta amekaa zake anakunywa uji.

“Kaka, mbona unanitumia askari? Nimeiba nini, udongo?”

Bwana Doti alicheka mpaka machozi. Mkubwa wake wa kazi hakucheka. Basi akaliingiza tanuri lile kwenye orodha ya moto unaojulikana, kompyuta isilipigie kelele tena.

Kiangazi kilipokolea, siku moja saa nane mchana, doti ikatokea palepale. Aliiona kwa macho yake. Akatabasamu, akajua mdogo wake yuko kazini.

Hakuwa kazini. Alikuwa amelala kibandani, homa imemwangusha, na nyasi pande zote zilikuwa zinaungua.

Baada ya maziko, mkubwa wa kazi alimvuta pembeni. “Hakuna aliyeuliza habari ya doti. Nyamaza, ndugu yangu.”

Nyumbani, mama yao alikuwa akiwaambia waombolezaji kwamba lau moto ule ungeonekana, mwanawe mkubwa angeuona. “Mungu hakutaka uonekane,” alisema, na ni neno hilo lililomwezesha kumeza chakula.

Siku tatu Bwana Doti alimwomba Mungu ampe moyo wa kunyamaza. Hakupewa. Siku ya nne alimkuta mama chumbani, anakunja mashati ya marehemu.

“Mama, moto niliuona.”

“Saa ngapi?”

“Saa nane. Nilidhani ni tanuri.”

“Ukafanya nini?”

“Nikageukia picha nyingine.”

Mama alimaliza shati aliloshika, akainyoosha kola kwa vidole. “Mungu akusamehe, mwanangu,” alisema bila kumtazama. “Mimi nipe muda.”

Mwaka wa pili huu, anampa. Kila jioni hupita kumwamkia. Mama huitikia “Marahaba,” kisha hurudi kwenye dua zake. Humo huwataja wanawe wote wawili, marehemu kwanza, halafu huyu aliye hai, kwa sauti ndogo zaidi.